Baka Unyayoni mwa Alois

Alois hakuzaliwa Kivuma. Alifika huko mlimani akiwa kijana, kalibu mbili za mbao begani na furushi la nguo mkononi, akatua kwenye uwanja wa misheni na kuuliza kama ni kweli mapadri wanamtafuta mfyatua matofali. Kwao kulikuwa Dumila, kwenye njia ya Dodoma, nchi tambarare ya joto na vumbi. Kwa Waluguru wa Kivuma, waliozoea ukungu na miteremko inayowaangusha hata mbuzi, mtu wa huko chini alikuwa kama mtoto anayejifunza kusimama. Walimcheka alivyopanda njia ya kisimani ameshika majani. Baada ya mwezi waliacha, kwa sababu matofali yake yalianza kutoka tanurini, mekundu, mazito, ukiligonga moja kwa kucha linalia.

Kazi ile aliisomea Kingolwira. Wenye wivu wakaanza kunong'ona kwamba basi alikuwa mfungwa, maana kwao Kingolwira ilikuwa gereza na hakuna kingine. Mwenyewe hakukasirika.

"Nilikuwa kibarua," alisema. "Lakini tofali halijui nani amefungwa na nani yuko huru. Linajua tu kama udongo umekanyagwa sawasawa."

Yustina aliijua miguu yake kabla ya kuijua sura. Wasichana walikuwa wakichota maji bondeni na kuyamimina kwenye shimo la udongo, na alipofika na ndoo yake alimkuta Alois ndani, suruali imekunjwa mapajani, anainua mguu na kuushusha, anauinua na kuushusha, na tope linaachia kwa sauti kama ndama anayenyonya. Hakuangalia juu. Kila mara aliinama, akachomoa kokoto kwa vidole, akalitupa nje.

"Umelionaje kokoto lililo chini ya tope?" Yustina alimuuliza.

"Mguu ndio macho yangu," alijibu, kisha ndipo akainua uso.

Alipotoka shimoni kuosha miguu ukingoni, Yustina aliliona lile baka. Lilikuwa kwenye unyayo wa mguu wa kulia, karibu na kisigino, jeusi, la mviringo, ukubwa wa punje ya kahawa iliyokaangwa. Alizaliwa nalo. Mama yake alikuwa akimwambia kwamba Mungu alipomaliza kumfinyanga alimpiga muhuri, ila mkono uliteleza ukapiga chini. Watoto wa misheni wakaisikia hadithi hiyo, na tangu hapo hakupita njiani bila kuitwa. "Bwana Muhuri! Tuonyeshe muhuri!" Naye, hata akiwa na mzigo kichwani, alikuwa akisimama kwa mguu mmoja kama korongo na kuwaonyesha.

Walioana kanisani mwaka uliofuata. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama, na aliyeishika ardhi ya ukoo wa Yustina alikuwa mjomba wake, Mzee Thobias. Yeye ndiye mndewa, mkuu wa ukoo, ndiye mwenye neno juu ya nani alime wapi. Aliwakatia kipande cha mteremko wenye udongo mweusi, wakapanda kabichi na njegere. Siku ya kuwaonyesha mipaka alimwambia Alois, bila ubaya wowote, kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo: "Mkwe, utalima na utakula. Lakini shamba ni la Yustina na watoto wake. Ndivyo tulivyo."

"Nimeelewa, mjomba," Alois alisema.

Alielewa, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Halikumzuia kula, ila hakulisahau.

Kisha Kivuma ikaandikishwa kuwa kijiji cha Ujamaa. Wakachagua mwenyekiti, wakalima shamba la kijiji, wakakubaliana kujenga shule ya matofali ya kuchoma mahali pa ile ya miti na udongo. Nani angewafyatulia? Alois akawekwa kuwa mkuu wa kikosi cha matofali. Mtu ambaye hakuwa na ukoo pale, wala kaburi la babu, sasa akawa anawaamrisha wanaume wenye mvi, hapa maji, hapa udongo, hapa ondoa, na wanamtii. Yustina alimwona akirefuka. Shule ilipoezekwa mabati, wazee walikuja kuugusa ukuta kwa viganja. Mzee Thobias alisema mbele za watu kwamba mkwe wake ameweka mlima juu ya mlima. Usiku huo Alois alilala na tabasamu, na Yustina, aliyekuwa na mimba ya pili, alifikiri kwamba ule mwiba sasa umetoka.

Haukuwa umetoka.

Mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, vijiji vyote vilikaa vikundi kusikiliza redio, na Kivuma walikusanyika darasani kila juma kusikiliza habari za malaria, vyoo na maji ya kuchemsha. Ndio mwaka ambao Yustina aliliona baka limebadilika. Ilikuwa desturi yao jioni ammiminie mumewe maji ya moto, naye asugue tope kwa jiwe. Jioni moja alimshika kifundo cha mguu akakigeuzia kwenye mwanga wa jiko.

"Baba Cecilia, hili baka mbona limetanuka?"

"Hata mimi nimetanuka. Nilikuja hapa nikiwa fito."

"Sitanii. Tazama."

Halikuwa tena punje ya kahawa. Kingo zake zilikuwa zimesambaa upande mmoja, kama wino ulioangukia karatasi yenye unyevu. Katikati palikuwa peusi tititi, pembeni pana rangi ya kijivu inayoelekea bluu, na mahali fulani ngozi ilikuwa imeinuka.

"Nimekanyaga kokoto," Alois alisema akiuvuta mguu wake. "Damu imevilia. Itaisha."

Haikuisha. Ile sehemu iliyoinuka ilikua ikawa kijinundu, kikawa kinakwaruzika kwenye tope na kutoa damu. Alianza kuvaa katambuga hata kanisani, yeye aliyekuwa akisema viatu humfanya mtu kipofu. Watoto walipomwita waone muhuri aliwapungia mkono na kupita.

Jumapili moja Yustina alirudi kutoka misa akamkuta amekaa kizingitini, wembe mkononi, kitambaa chini ya mguu kimelowa damu.

"Nimelimaliza," alisema. Midomo ilikuwa imemkauka, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyeshinda. "Nimelikata lote."

Alikuwa amepaka majivu na tumbaku. Jeraha likafunga, likaota ngozi nyembamba ya waridi, na kwa muda fulani wote wawili walikuwa na furaha ya kitoto. Alois akaacha katambuga akarudi shimoni. Kikosi kilikuwa kimeanza matofali ya zahanati. Serikali ilikuwa tayari imewaletea mganga, kijana aliyeitwa Athanas, naye alikuwa akitibu watu katika chumba kimoja cha shule akingoja jengo lake.

Kisha lile jeraha likafunguka lenyewe, bila kugongwa. Nyama ilitoka humo nyeusi, laini, na kulizunguka vikatokeza vidoa vidogo vyeusi, kama vifaranga.

Yustina hakujua amwambie nani. Kumpelekea mjomba habari za mwili wa mumewe ilikuwa kama kumshtaki. Juma lile kikundi cha redio kilipotawanyika alibaki nyuma, akijifanya anapanga madawati.

"Bwana Mganga," alimwambia Athanas, "hicho kitabu chenu cha kampeni kina habari za alama za kuzaliwa?"

"Hakina. Kuna nini?"

"Kuna mtu mmoja. Alizaliwa na baka. Sasa linakua, na linatoa damu."

Athanas alifunga redio, akakaa juu ya dawati. Katika Kivuma nzima hakuna asiyemjua mtu mmoja mwenye baka, lakini hakumwaibisha.

"Mama Cecilia, mabaka karibu kila mtu anayo. Mimi ninalo mgongoni. Mtu huzaliwa nalo, huzeeka nalo, huzikwa nalo, wala halimdhuru. Lakini baka lililotulia tangu utotoni likianza kutembea ukubwani, likibadili rangi, likiota kinundu, likitoa damu bila sababu, hilo si la kupaka dawa ya zambarau. Wala si la wembe. Hilo ni la hospitali kubwa, na mapema. Mwambie huyo mtu mmoja aje kwangu kesho asubuhi."

Alimwambia. Alois alisikiliza akiwa anachonga mpini wa jembe, hakusimamisha kisu.

"Atanipeleka mjini," alisema mwishoni. "Mjini wataukata mguu."

"Hakusema hivyo."

"Sasa hospitali kubwa watanipa uji? Wataukata." Aliweka kisu chini. "Yustina, mimi hapa ninasimama juu ya nini? Sina ukoo hapa. Sina shamba. Mjomba wako alinionyesha mipaka mwenyewe. Nina miguu. Siku nikiwa sina miguu, mimi ni nani Kivuma? Ni mzigo wa ukoo wa watu."

Yustina alikuwa na majibu, lakini hakuyapata saa ile. Alifikiri atayapata kesho. Kesho ikaleta kesho nyingine, kama inavyokuwa, kabichi zikahitaji palizi, mtoto mdogo akapata surua, na Alois hakwenda kwa Athanas. Mara mbili Athanas alikuja mwenyewe nyumbani. Mara zote mbili alimkuta ametoka.

Mvua za vuli zilikuja zikapita. Alois alikuwa akikanyaga udongo kwa mguu wa kushoto, wa kulia ameufunga gunia. Alisema ameungua. Harufu ikaanza, kwanza ndani ya gunia tu, baadaye chumbani. Akahamia kulala jikoni, akisema joto la jiko linamfaa. Kisha akapata mtoki. Uvimbe ulimtokea kwenye nyonga ya kulia, mgumu kama embe bichi, akawa anatembea ameinama upande.

Siku aliyoanguka, kikosi kizima kilikuwa shimoni. Aliinua mguu wa kushoto, wa kulia ukakataa kumbeba, akaenda chini na tope likamfunika hadi kifua. Walimtoa wakamlaza kwenye nyasi. Gunia lilikuwa limebaki shimoni, kitambaa cha ndani kimening'inia. Watu wakarudi nyuma kwa harufu. Mtu mmoja akakimbia kumwita Mzee Thobias, na Yustina, aliyekuwa anachota maji, alipofika alimkuta mjomba wake amepiga magoti na anakifungua kile kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama anayemvua mtoto nguo.

Mzee Thobias aliutazama unyayo kwa muda mrefu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwaka jana, mjomba," Yustina alijibu.

"Mkaficha. Mlikuwa mnamficha nani?"

Alois alikuwa amejifunika uso kwa mkono. Alisema kutoka chini ya mkono, sauti imefifia: "Wewe, mjomba. Nilikuficha wewe. Nisingekuwa na faida tena."

Mzee Thobias alikuwa mtu mkavu, asiyelia hata msibani. Wala siku ile hakulia. Lakini alikaa chini kwenye tope, na kanzu yake, akakaa kama mtu aliyechoka ghafla.

"Mkwe," alisema, "mimi nilimwoza mpwa wangu kwa mtu. Sikumwoza kwa mguu."

Kisha akasimama akaanza kufoka, akiwaamrisha vijana wakate mianzi, walete blanketi, waite Athanas. Machela ilikuwa tayari kabla tope halijakauka mwilini mwa Alois. Walimshusha mlima kwa zamu, na Mzee Thobias alitembea mbele akifyeka majani yaliyolalia njia, ingawa yangeweza kupitwa.

Daktari wa hospitali ya mjini aliitwa Maneno, mtu wa Pwani, mpole, mwenye tabia ya kuvuta kiti na kukaa kabla ya kusema. Alikata kipande kidogo cha ile nyama, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Walipokuwa wakingoja majibu Yustina alikaa Mafiga, mtaa wa hapo mjini, kwa Semeni, mama wa Kizaramo ambaye kwa miaka alikuwa mteja wake wa kabichi sokoni. Hawakuwa na undugu wa damu wala dini. Lakini Semeni aliposikia, alimtolea kitanda cha mwanawe akamkataza hata kushukuru. Kila asubuhi alimpikia uji wa kupeleka wodini, akiuonja mara mbili kama anayempelekea mume wake mwenyewe.

Majibu yalipokuja daktari alivuta kiti.

"Bwana Alois, ni kansa ya ngozi. Imeanzia kwenye lile baka ulilozaliwa nalo."

"Baka lilikuwa zuri tu," Alois alisema. "Miaka yote."

"Lilikuwa zuri kweli. Mengi hubaki hivyo mpaka mwisho. Machache sana hugeuka, na kwetu sisi weusi mara nyingi ni haya ya nyayoni na viganjani, mahali ambapo mtu hatazami."

"Ni kwa sababu ya kukanyaga udongo?"

"Sijui. Ningekuambia ndiyo ningekudanganya. Wapo wanaoupata ugonjwa huu na hawajawahi kushika udongo."

Yustina aliuliza swali ambalo lilikuwa limemnyima usingizi. "Na wembe, daktari? Alilikata kwa wembe. Ndio ulioliamsha?"

Daktari alimtazama yeye, si mgonjwa. "Hapana, mama. Lilikuwa limeshaamka. Wembe uliondoa kilichokuwa juu tu, mkadhani kimekwisha, na chini kikaendelea. Uliwapotezea muda."

"Mngekuja lile baka lilipoanza kutanuka," daktari aliendelea, "tungekata baka lenyewe na nyama kidogo ya pembeni. Ungerudi nyumbani unachechemea, ukapona. Sasa limepanda. Huo mtoki ni ugonjwa huohuo."

"Mkikata mguu nitapona?"

"Sikuahidi. Tukikata chini ya goti, na tukiondoa huo uvimbe, maumivu yatapungua na kidonda kitaondoka. Pengine utapata muda. Ni mrefu kiasi gani sijui, na naogopa hautakuwa mrefu."

Alois aligeuza kichwa akamwangalia mkewe. Alikuwa amekonda, mashavu yamezama, na kwa mara ya kwanza tangu waoane Yustina hakuona woga machoni mwake. Kilichokuwa kikiogopwa kilikuwa kimeshafika.

"Kateni," alisema. "Ninalala jikoni kama paka. Nataka nilale kitandani kwangu, mke wangu asigeukie ukutani kwa sababu ya harufu."

"Sijawahi kugeukia ukutani," Yustina alisema.

"Najua. Ndiyo maana nililala jikoni."

Alirudi Kivuma kwa magongo kipupwe kilipoanza. Wanaume wa kikosi walimpokea barabarani, wengine hawakujua watazame wapi. Baadhi ya ndugu wa Yustina walisema pembeni kwamba sasa ukoo umepata mdomo wa kulisha. Yustina aliyasikia kisimani akatua ndoo na kuwajibu kwa lugha ambayo mpwa wa mndewa hakutarajiwa kuitumia. Mzee Thobias alikuja na kiti cha miguu mitatu alichochonga mwenyewe, kifupi, kipana, akakiweka kwenye ukingo wa shimo la udongo.

"Zahanati bado haijaisha," alimwambia Alois. "Kaa hapo."

Alois akakaa. Mikono yake ilikuwa mizima, akaanza kufyatua, kalibu baada ya kalibu. Lakini udongo uliokanyagwa na vijana haukumridhisha. Alilibonyeza tofali, akalinusa, akalitupa pembeni. Siku ya tatu ya kuyatupa, Yustina alifunga kitenge chake juu ya magoti, akaingia shimoni. Wanawake walikuwa hawakanyagi udongo. Wao ni wa maji. Wanaume walisimama kumtazama. Baridi ya tope ilimpanda mpaka mgongoni.

"Inua kisigino kwanza," Alois alimwambia. "Usiukanyage kama unaua nge. Uegemee. Haya. Sasa sogea. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Subiri. Mguu ni mjinga mwanzoni."

Alisogea tena, akasimama. Chini ya kidole kidogo kulikuwa na kitu kigumu. Aliinama, akakichomoa, kokoto jeusi si kubwa kuliko jino.

"Hilo lingepasua tofali tanurini," Alois alisema, na alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu vuli. Hata wale wanaume wakacheka.

Wakafanya kazi hivyo mpaka kuta za mbele za zahanati zikafika kwenye linta, juu ya milango. Kikundi cha redio kilikuwa bado kinakutana, na Ijumaa moja Alois aliomba nafasi ya kusema. Hakuwa msemaji. Alisimama akiegemea gongo moja, akawaambia watu wavue viatu, wale waliokuwa navyo, watazame nyayo zao na za watoto wao, na mgongo wasiouona wamwombe mwenzao autazame. "Ukiwa na baka usiogope," alisema. "Lijue tu. Ujue lilivyo leo, ili likibadilika ulione. Likibadilika usifanye kama mimi. Mimi niliogopa watu ambao hawakuwa na neno nami." Hakumtazama Mzee Thobias alipokuwa akisema hivyo, na Mzee Thobias alikuwa akiangalia nje ya dirisha.

Majuma yaliyofuata Athanas alisumbuka. Nusu ya kijiji ilikuja kuonyesha vipaku, sunzua, makovu ya ndui, hata uchafu wa kawaida. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, akiwaambia, hili halina neno, na hili halina neno, nenda kaoge. Alinung'unika, lakini hakumrudisha mtu.

Muda aliouzungumzia daktari haukuwa mrefu. Mwanzoni mwa masika vidoa vyeusi vilitokeza pajani, juu ya mahali palipokatwa, kisha kikohozi kikaanza, kikavu, kisichotoa kitu. Akawa anafyatua matofali machache anapumzika, mwishowe anapumzika bila kufyatua. Alitaka abebwe hadi kwenye kiti chake hata hivyo. Alikaa pale na blanketi, akimsikiliza Yustina akikanyaga, na mara moja moja alisema, "Upande wa kushoto, umepaacha," na alikuwa kweli amepaacha.

Alikufa nyumbani, kitandani kwake, mchana, mvua ikipiga mabati, Yustina amekishika kichwa chake mapajani. Padri alikuwa amekwishampa mpako wa wagonjwa. Hakusema neno la mwisho la kukumbukwa. Aliomba maji, akanywa kidogo, akasema yana moshi.

Dada yake, Scholastika, alikuja kutoka Dumila na wajomba zake, kuuchukua mwili. Ilikuwa haki yao. Mkwe huzikwa kwao, na hata Waluguru hufanya hivyo. Mzee Thobias aliwapokea, akawakalisha, akawapa chakula. Kisha akasema: "Sina haki ya kuwazuia. Naomba tu. Aliniambia mimi mwenyewe, juma lililopita, kwamba hana kaburi la babu hapa. Nikamwambia, basi wewe ndiwe utakuwa babu wa kwanza. Watoto wake watakuwa na lao."

Wajomba walitazamana. Waliomba watoke nje wakashauriane, wakakaa huko muda mrefu, sauti zikipanda na kushuka, na Yustina akiwa na wanawake ndani hakuweza kusikia walisemalo. Aliyerudi na jibu alikuwa Scholastika.

"Tumekubali," alisema. "Lakini nguo zake na kalibu moja turudi nazo. Mama hana kingine."

Wakamzika juu ya shamba la kabichi, katika ardhi ya ukoo.

Katika siku zile za msiba hakuna aliyekumbuka matofali mabichi yaliyokuwa uwanjani. Upepo ulipeperusha nyasi zilizoyafunika, na mvua ya masika ikayanyeshea. Yustina alipokwenda kuyatazama, yale aliyoyafyatua Alois mwishoni yalikuwa yamelainika na kuungana, yakawa kichuguu kimoja cha tope ambacho huwezi kusema tofali hili linaishia wapi na lile linaanzia wapi. Alisimama hapo na mwanawe Cecilia. Alitaka kulia, machozi hayakuja. Alikuwa na hasira tu, na hasira yenyewe hakuwa na mtu wa kuielekezea.

Mvua zilipokatika kikosi kilikutana. Zahanati ilikuwa imebakiza ukuta wa nyuma na vyumba viwili. Mwenyekiti aliuliza nani atashika udongo, na kila mmoja akamtazama jirani yake.

Yustina hakuinua mkono. Aliondoka kwenye mkutano, akaenda uwanjani, akaanza kulichimbua lile tope kwa jembe na kulirudisha shimoni, pande kwa pande. Baada ya muda Mzee Thobias akaja na karai. Halafu wakaja wengine na maji. Lilipojaa vya kutosha alikunja kitenge chake, akashuka, akaanza kukanyaga, akiinua kisigino kwanza.